Sisi si Wanigeria

Kama uliishi Bengaluru mwanzoni mwa 2016 na pasipoti yako ni ya Tanzania, sentensi hii uliisikia mpaka ikakuchosha: sisi si Wanigeria. Ilisemwa kwa Kiingereza mbele ya mwenye nyumba, kwa Kihindi cha kuokoteza mbele ya dereva wa oto, yaani bajaji, na kwa Kiswahili safi kwenye makundi ya WhatsApp ambako hakukuwa na Mhindi hata mmoja wa kuisoma. Maana yake ilieleweka. Sisi ni watu wapole, hatuuzi dawa za kulevya, hatupigi muziki usiku wa manane, kodi tunalipa kwa wakati. Ukitafuta wa kumchukia, jaribu nyumba ya tatu kushoto.

Mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania aliikataa sentensi hiyo, na ndiye ninayetaka kumwandika. Jina lake silitaji. Ana kazi na familia siku hizi, na hajawahi kutaka umaarufu. Tutamwita Mwenyekiti, kama tulivyomwita wakati ule, hata waliomzidi umri.

Tuanze na tukio lenyewe, maana nyumbani wengi walilipata nusu nusu. Usiku wa Jumapili tarehe 31 Januari 2016, eneo la Hesaraghatta, pembezoni mwa jiji la Bengaluru, gari lililoendeshwa na mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga mama mmoja, akafariki. Watu wakajaa barabarani, wakampata yule dereva, wakampiga. Karibu nusu saa baadaye likafika gari jingine. Ndani yake alikuwamo binti wa Kitanzania wa miaka 21 na wenzake. Hawakumjua yule Msudani na ajali hawakuiona. Wakasimamishwa, wakavutwa nje, wakapigwa. Binti akachaniwa nguo, na gari likachomwa moto.

Aliyefanya dunia ijue ni Mwafrika mwenzetu aliyeamua kusema mbele ya waandishi wa habari. Bosco Kaweesi alikuwa mshauri wa sheria wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika jijini pale, na ndiye aliyesimulia kipande kwa kipande. Kwamba binti alijaribu kupanda basi, abiria wakamsukuma nje. Kwamba mwenyeji mmoja aliyempa fulana ajisitiri naye alipigwa. Kwamba alipokwenda kushtaki, polisi walimtaka kwanza amlete yule Msudani aliyesababisha ajali. Soma tena hiyo ya mwisho. Mtanzania aliyepigwa anaambiwa akamtafute Msudani asiyemjua, kana kwamba Waafrika wote tunalala chumba kimoja na funguo tunaachiana mlangoni.

Polisi na serikali ya jimbo walibisha baadhi ya maelezo hayo, hasa lile dai la binti kuvuliwa nguo. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Karnataka, G. Parameshwara, alisema hapakuwa na ubaguzi wa rangi, ni hasira ya watu baada ya ajali. Delhi, Waziri wa Mambo ya Nje Sushma Swaraj aliandika kwamba ameumizwa sana na tukio hilo la aibu. Balozi wetu, Mhandisi John Kijazi, alisafiri hadi Bengaluru pamoja na maofisa wa wizara hiyo ya India. Haikupita muda akaitwa Dar es Salaam kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Watu kadhaa walikamatwa na askari kadhaa wakasimamishwa kazi.

Hoja ya hasira ya ajali ilinisumbua wakati ule na inanisumbua leo, kwa sababu ina sura ya ukweli. Mama wa watu amekufa barabarani, nani asiyekasirika? Lakini dereva walikuwa wameshampata. Kama ni hasira ya ajali, mwenye ajali alikuwa pale pale mikononi mwao. Nusu saa baadaye linapita gari jingine lenye watu weusi, na hasira inakuta bado ina kazi ya kufanya. Sijui ni kipi kingine kinachoweza kuitwa ubaguzi kama hicho hakiitwi.

Wiki ile tulikutana Kothanur, sebuleni kwa Wakongomani wawili waliokuwa na nyumba kubwa kidogo. Anayeijua Bengaluru anajua kwamba Kothanur, Hennur na Kammanahalli ndiko Waafrika wengi tulikopanga, kwa sababu ndiko madalali walikokubali kutupeleka. Walikuwepo Watanzania, Wakenya, Warundi, Wanyarwanda na Waganda, Kiswahili cha kila aina: cha Lubumbashi, cha Nakuru, cha Tanga, cha mtu aliyejifunzia kwenye Bongo Fleva. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi.

Hoja iliyoletwa mezani ilionekana ya busara kabisa. Chama cha Watanzania kiandike barua yenye nembo, kila mwanachama apewe nakala ya kumpa mwenye nyumba wake na kutembea nayo. Barua iseme kwamba mwenye kuishika ni Mtanzania, mwanafunzi halali, na kwamba Watanzania hawana historia ya uhalifu katika jiji hili. Jamaa mmoja wa uhasibu alikuwa ameshaiandika rasimu. Wengi tulitikisa vichwa kukubali.

Mwenyekiti aliisoma mpaka mwisho, akauliza: "Barua hii utaitoa saa ngapi? Wakati unavutwa nje ya gari?"

Watu wakacheka kile kicheko cha uchungu. Yeye hakucheka. Akasema waliomkamata dada yetu hawakumuuliza pasipoti, na kwamba barua ile haimwambii Mhindi aache kupiga Waafrika, inamwambia apige wengine. Akasema na jambo ambalo wengi hawakulipenda: tukishaisaini, tumekubali kwamba Mnigeria anastahili.

Kelele zilizofuata sikuzizoea kwenye vikao vyetu, ambavyo kwa kawaida vilikuwa vya michango ya harusi na mechi za mpira. Kuna aliyesema Wanigeria ndio waliotuharibia, na akatoa mifano ya waliokamatwa na dawa. Mifano ilikuwa ya kweli, wapo waliokamatwa. Jibu la Mwenyekiti lilikuwa fupi: mwizi ana jina, aitwe kwa jina lake.

Barua haikuandikwa. Watu wawili watatu waliondoka kikaoni kwa hasira, na mmoja alijitengenezea barua yake binafsi kwenye duka la fotokopi.

Nadhani nguvu ya Mwenyekiti ilitoka kwenye kazi yake, na kiongozi wa wanafunzi nchi ya watu ana kazi ambayo huioni kwenye picha. Alikuwa akisoma famasia, mtoto wa Songea, mkimya. Akipokea wageni uwanja wa ndege wa Kempegowda saa tisa usiku. Akiwakumbusha kujisajili ofisi ya wageni, ile FRRO, ndani ya siku 14, maana ukichelewa unatozwa faini. Akibembeleza wenye nyumba wajaze Fomu C, ya kutaarifu kwamba wamempangisha mgeni, ambayo bila hiyo usajili unakwama. Akigombana na madalali. Bengaluru mwenye nyumba anaweza kukudai amana ya kodi ya miezi 10, na ukihama anakumbuka kila tundu la msumari. Mwanafunzi akiugua ni yeye, akifungiwa nje ni yeye, akifa ni yeye anayeanza kupiga simu ubalozini kuuliza utaratibu wa kusafirisha mwili. Mtu wa namna hiyo ameshaona Mtanzania mlevi, Mtanzania mwongo, Mtanzania aliyemkimbia mwenye nyumba na kodi ya watu. Hadithi ya Watanzania wote wapole haikuweza kumwingia.

Mle sebuleni alikuwepo pia Mrundi mmoja aliyezungumza karibu na mwisho. Alitukumbusha Yannick Nihangaza, kijana wa Burundi aliyekuwa akisoma kompyuta Punjab. Aprili 2012, mjini Jalandhar, genge la vijana lilimpiga mpaka akapoteza fahamu, na fahamu hazikurudi tena. Baba yake, Nestor Ntibateganya, aliacha kila kitu Bujumbura akaja kukaa hospitalini kando ya kitanda cha mwanawe, akiandika barua kwa wakubwa wa India ambao kwa muda mrefu hawakujibu. Yannick alirudishwa Burundi na kufariki 2014. Yule Mrundi akasema Yannick alikuwa mpole kuliko sisi sote, na upole wake haukuuliziwa.

Mwaka huo huo wa 2014 ulikuwa na mengine. Januari, mtaa wa Khirki mjini Delhi, waziri wa sheria wa jimbo, Somnath Bharti, aliongoza watu usiku kuvamia nyumba za Waafrika akidai kuna ukahaba na dawa za kulevya, na wanawake wa Uganda wakapelekwa kupimwa kwa nguvu. Mwezi ule ule alikufa Nido Tania, mwanafunzi kutoka Arunachal Pradesh, baada ya kupigwa sokoni Lajpat Nagar kwenye ugomvi ulioanza na watu kumcheka nywele zake. Huyu alikuwa Mhindi, tena baba yake mwanasiasa wa chama kikubwa. Ila watu wa kaskazini-mashariki mwa India wana sura ambazo Delhi haizitambui kuwa zake. Kifo chake kilifanya serikali iunde kamati, ya Bezbaruah, kuchunguza manyanyaso ya watu wa huko. Ndiyo maana kwenye mkesha wetu wa mishumaa wenyeji waliokuja kwa wingi kuliko wengine walikuwa wanafunzi wa Manipur na Nagaland. Hawakuhitaji kuelezwa.

Mwenyekiti alisema mbele ya kamera mara chache sana. Hilo watu wa nyumbani hawakulielewa, walitaka angurume. Lakini mwanafunzi wa kigeni anazungumza huku viza yake iko mezani kwa mwingine. Baada ya mahojiano yake ya kwanza, ofisi ya chuo alichosoma ilimwita na kumkumbusha kwa upole kwamba viza aliyopewa ni ya masomo. Hakuna aliyemtishia. Walimpa chai. Jioni yake mama yake akapiga simu kutoka Songea: "Mwanangu, ulikwenda kusoma au kugombana na watu?" Alituambia kwamba chai ya ofisini aliimeza, ila swali la mama lilimkaba.

Alichofanya badala ya kunguruma ni kuandika. Aliweka daftari, na baadaye faili kwenye kompyuta: tarehe, saa, mtaa, namba ya oto, jina la askari kama lilisomeka kifuani, maneno yaliyosemwa, nani alishuhudia. Kama ni tusi, aliandika tusi lenyewe, hakuandika "maneno ya kibaguzi". Waandishi walipokuja kwake hawakupata hotuba, walipata karatasi. Maofisa wa ubalozi vilevile. Ofisa anaweza kuubishia mdomo wako siku nzima, lakini karatasi yenye saa na namba ya gari inamlazimu ajibu jambo moja moja. Kaweesi naye alipigiwa kelele nyingi kwa maelezo yake, na kilichombeba ni kwamba yalikuwa na vipande vinavyoweza kuchunguzwa: basi, fulana, kituo cha polisi.

Mei 2016 ikaja habari ya Masonda Ketanda Olivier, Mkongomani aliyekuwa akifundisha Kifaransa Delhi. Usiku wa tarehe 20, mtaa wa Vasant Kunj, aligombania oto na vijana, wakampiga kwa jiwe, akafa. Mabalozi wa Afrika walikasirika kiasi cha kutishia kususia sherehe za Siku ya Afrika zilizoandaliwa na serikali ya India. Sushma Swaraj akasema ni kitendo cha wahuni, si ubaguzi. Siku chache baadaye waliposhambuliwa Waafrika wengine kusini mwa Delhi, Waziri V. K. Singh akaandika kwamba ulikuwa mzozo mdogo uliokuzwa na vyombo vya habari.

Kinshasa, watu wakashambulia maduka ya Wahindi.

Kwenye kundi letu ujumbe wa sauti ulizunguka wa kushangilia, na sitaki kujifanya kwamba ulipokelewa vibaya. Watu walituma vikatuni vya kupiga makofi. Mwenyekiti akaandika kwamba mwenye duka wa Kinshasa hakushika jiwe Vasant Kunj, na kwamba aliyevunjiwa kioo amefanyiwa kile kile alichofanyiwa dada yetu Hesaraghatta. Kundi likanyamaza mpaka asubuhi, kisha mtu akaweka tangazo la godoro linauzwa.

Hapo ndipo ninapodhani alikuwa jasiri kuliko kwenye kamera. Kuwaambia Wahindi kwamba wanabagua, ukiwa Mwafrika uliyepigwa, kuna gharama, lakini nyuma yako una watu. Kuwaambia watu wako kwamba nao wanabagua unabaki peke yako. Sisi Watanzania tuna letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila alijaza viwanja vya Dar es Salaam kwa kuhubiri dhidi ya "magabacholi", na umati ulijua anamaanisha nani. Baada ya tukio la Bengaluru niliona kwenye kurasa za nyumbani watu wakiuliza Wahindi wa Upanga na Kisutu watajibu nini. Wajibu nini? Wengine ni kizazi cha nne, wamezaliwa Ocean Road, India hawajafika na Kihindi chao ni cha sinema. Waganda hawahitaji kukumbushwa 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Na mle mle sebuleni Kothanur, wadada wa Kinyarwanda walikuwa na orodha yao ya mambo waliyowahi kuambiwa na Watanzania na Wakongomani kuhusu pua zao. Hiyo ingehitaji kikao kingine.

Mtihani wa msimamo wa Mwenyekiti ulikuja Machi 2017, na safari hii walikuwa Wanigeria kweli. Greater Noida, mji ulio ubavuni mwa Delhi, kijana wa shule aitwaye Manish Khari alifariki, ikashukiwa ni dawa za kulevya. Uvumi ulikuwa umeshaenea kwamba majirani zake Wanigeria wamemla. Ndiyo, wamemla. Wanigeria watano walikamatwa, wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na maandamano ya tarehe 27 ya kudai haki yakageuka kuwinda Waafrika. Endurance Amalawa alipigwa ndani ya jengo la maduka kwa viti na mapipa ya taka huku watu wakirekodi kwa simu. Video utakuwa umeiona.

Samuel Jack, Mnigeria aliyekuwa rais wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika nchini India, ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya waandishi siku zile, akiwataka wanafunzi wasitoke ndani na akiidai serikali usalama wao. Uchovu ulimwonekana usoni. Kwetu Bengaluru, kilomita nyingi kusini, ile sentensi ikafufuka haraka: safari hii si sisi, ni wao. Mwenyekiti alikuwa na mitihani ya mwisho na muda wake wa uongozi ulikuwa unakwisha. Akaandika tamko la kuwaunga mkono wanafunzi wa Nigeria, kwa jina la chama cha Watanzania, na akalisaini yeye peke yake baada ya wajumbe wawili wa kamati kukataa kuweka majina yao. Wanigeria wa Hennur walikuja kumshukuru na sufuria ya wali wa jollof. Alikula kwa adabu, akasema nazi imekosekana.

Siku chache baadaye mabalozi wa Afrika mjini Delhi walitoa tamko la pamoja. Walisema mashambulizi yale ni ya chuki dhidi ya wageni na ya ubaguzi wa rangi, kwamba India haijachukua hatua za kutosha zinazoonekana, na wakataka uchunguzi huru, ukiwemo wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Wizara ya Mambo ya Nje ya India ilijibu kwamba tamko hilo ni la kusikitisha. Kumbuka India iliridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi wa rangi mwaka 1968, na ilikuwa miongoni mwa sauti kubwa dhidi ya makaburu. Labda ndiyo maana neno hilo linawauma: wamezoea kulisema, hawajazoea kuambiwa. Mabalozi nao walichelewa. Wanafunzi walikuwa wameshasema hayo hayo tangu Yannick alipolazwa, bila gari la bendera wala kinga ya kidiplomasia.

Sitaki msomaji aondoke na India ya viti na mawe tu. Nilisoma vizuri pale. Mama wa ghorofa ya chini alinifundisha kupika sambar na akanifokea kila nilipochelewa kurudi. Madaktari wao wamewatibu ndugu zangu. Tangu 2023 chuo chao kikubwa, IIT Madras, kina tawi Zanzibar, jambo ambalo miaka ya Kothanur lingetuchekesha. Vijana wetu bado wanakwenda, na waende.

Mpwa wangu anaondoka kwenda Pune. Aliponiomba ushauri nilimtumia mwongozo wa Mwenyekiti, ambao bado unazunguka kwenye makundi, umeongezewa mambo na watu nisiowajua. Kituo chochote cha polisi kinaweza kupokea malalamiko yako hata kama tukio halikutokea eneo lake, wao wanaita Zero FIR. Ukishafungua FIR, yaani taarifa ya kwanza ya tukio polisi, nakala yake ni haki ya mlalamikaji na haina malipo. Usisaini karatasi ya lugha usiyoisoma, Kihindi au Kimarathi. Namba za viongozi wa umoja wa Waafrika ziwe mbili, kwa sababu mmoja atakuwa kwenye mtihani. Mpwa wangu akajibu: "Sawa shangazi, ila mbona inatisha hivi?" Nikamwambia aisome tena akishafika na kulala usingizi, na asisahau zile siku 14 za FRRO, maana faini yao haina huruma.